Nyumba na Dala: Kuihakiki "En Mana Kuoyo" ya Ayub Ogada Kutoka Kibera na Kawangware

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki albamu moja ya nyimbo, En Mana Kuoyo ya marehemu Ayub Ogada, iliyotolewa Uingereza mwaka 1993 na kampuni ya Real World. Msomaji wa jarida hili, aliyezoea kukuta humu tenzi, riwaya na tamthilia, ana haki ya kuuliza kwa nini kurasa zake zitumiwe kwa nyimbo, tena nyimbo ambazo sehemu yake kubwa imeimbwa kwa Kijaluo, au Dholuo kama wenyewe waiitavyo, na si kwa Kiswahili. Ninakubali kwamba swali hilo ni la haki. Naamini pia kwamba ndilo lililotufanya tuchelewe kuisikiliza kazi hii.

Sina budi kuanza kwa kuungama. Albamu hii niliisikia kwa mara ya kwanza ughaibuni, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili. Mwenzangu mmoja wa darasani, asiyejua hata neno moja la Kijaluo, aliicheza jioni moja katika chumba chake, kisha akaniuliza, kwa kuwa mimi ni Mkenya na tena mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, mwimbaji alikuwa akisema nini. Sikujua. Nilimjibu kwa kile nilichokuwa nimekisoma kwa Kiingereza, na yeye akaridhika. Mimi sikuridhika. Lugha inayosemwa na mamilioni ya Wakenya, ambayo naisikia kila siku katika matatu za Nairobi, ilikuwa imenifikia kwa kuzunguka kupitia London.

Hoja nitakayoitetea ni hii. En Mana Kuoyo ni kazi ya mtu anayewaza juu ya kwao akiwa mbali na kwao. Ulimwengu uliipokea kwa sikio linalosikia ala, ukaliacha neno. Kisha wimbo wake mashuhuri ukapelekwa Kibera na filamu, kama sauti ya huzuni, ilhali Kibera ni mahali ambapo maneno ya wimbo huo yana wasikilizaji wengi wanaoyaelewa. Baina ya kusikia kule na kuelewa huku kuna kazi ya tafsiri. Kazi hiyo ni yetu sisi wa idara za lugha, nasi hatujaifanya ipasavyo.

2. Mtunzi na safari yake

Ayub Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956 akaitwa Job Seda. Wazazi wake walikuwa wanamuziki, na utotoni alikaa nao kwa muda Marekani kabla ya kurudi Kenya. Katika miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa vijana wa Nairobi waliojaribu kuoanisha gita la umeme na mapigo ya kwao. Wimbo "Kothbiro", ambao leo unahusishwa na jina lake peke yake, ulirekodiwa kwanza mwaka 1976 na kundi la Black Savage. Mwaka 1979 alishiriki katika kuanzisha African Heritage Band, kundi lililoambatana na nyumba ya sanaa ya jina hilo jijini Nairobi. Katika miaka ya 1980 aliigiza pia katika filamu, na katika Out of Africa ya mwaka 1985 jina lake limeandikwa Job Seda.

Mwaka 1986 aliondoka kwenda Uingereza akiwa na nyatiti yake. Alipiga ala hiyo katika vituo vya reli ya chini ya ardhi jijini London, akitunzwa sarafu na wapita njia, hadi watu wa WOMAD, shirika la matamasha lililoanzishwa na Peter Gabriel na wenzake, walipomsikia na kumwalika jukwaani. Kutoka hapo ndipo alipofikia studio za Real World, na kazi tunayoizungumzia ikazaliwa. Alirudi Kenya mwaka 2007 akaishi upande wa Nyanza, na huko akafariki tarehe 1 Februari 2019.

Jambo moja katika maisha haya linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Jina Job, katika Biblia ya Kiswahili, ni Ayubu. Mtunzi huyu alipoacha jina la Job Seda na kujiita Ayub Ogada, jina la kwanza hakulitupa. Alilichukua tu katika umbo ambalo msomaji wa Kiswahili hulitambua mara moja. Sidai kujua alichokuwa nacho moyoni. Ninachosema ni kwamba juu ya jalada la albamu iliyoimbwa kwa Kijaluo na kuuzwa kwa Kiingereza, lugha yetu imo tayari, katika jina la mwenyewe.

Wahakiki hupenda kuziita albamu za namna hii kazi za binafsi, wakimaanisha kwamba mtunzi ameyaweka wazi maisha yake. Kwa Ogada neno hilo lahitaji tahadhari. Mtu anayetafuta humu habari za ndoa yake, za ugomvi wake au za umaskini wake wa London atatoka mikono mitupu. Ubinafsi wa albamu uko mahali pengine. Mtu aliyezoea kuimba na makundi amebaki na ala moja na sauti moja, na karibu kila anachokitaja ni kitu cha kwao: boma, soko, fisi, mvua, mchanga.

3. Fani: ala, sauti na hadhira iliyokosekana

Nyatiti ni ala ya nyuzi nane. Kwa desturi mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, ala ikiwa imelazwa mbele yake. Huvaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye mbao za ala, na mguuni hufunga njuga. Kwa hiyo mtu mmoja huwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Waluhya wana ala ya jamaa hiyo hiyo, litungu, na msomaji aliyewahi kuisikia ataelewa upesi ninachokieleza.

Hata hivyo, ingawa mpigaji ni mmoja, nyatiti kwa desturi haikuwa ala ya upweke. Ilipigwa katika matanga, katika harusi na katika vikao vya pombe, na hadhira yake haikukaa kimya. Wajaluo wana desturi ya pakruok, ambapo msikilizaji humsimamisha mpigaji, hutoa fedha, kisha hujisifu kwa majina ya fahari, akiwataja marafiki zake, wakwe zake na mahali alikotoka. Akimaliza, nyuzi huendelea. Sifa hizo ni sehemu ya utungo wenyewe, kwa kuwa mtunzi mzuri huzidaka na kuzifuma ndani ya wimbo. Katika mapokeo haya mambo ya nafsi husemwa hadharani na kwa kelele, na tena hulipiwa.

Ukiyajua hayo, jambo la kwanza unaloligundua katika En Mana Kuoyo ni ukimya unaoizunguka sauti. Hakuna anayemkatiza mwimbaji. Hakuna anayejitaja. Nyuzi zimewekwa mbele, mapigo ni machache, na sauti ni ya chini, karibu na ya mtu anayejiimbia akiwa kazini. Matini ni mafupi na yanarudiwarudiwa. Mtu aliyelelewa katika nyatiti ya vijijini huenda akalalamika kwamba chakula hiki hakina chumvi, na malalamiko hayo yana msingi. Utajiri wa nyatiti ya kale ulikuwa katika habari, yaani nani amekufa, nani ameoa, nani mkarimu na nani bahili. Ogada ameondoa habari akabakiza wito.

Je, hii ni kasoro? Kwa upande mmoja, ndiyo. Mtunzi aliyepimwa kwa wingi wa majina anayoyajua hawezi kupimwa kwa nyimbo hizi. Lakini mhakiki hana budi kuuliza pia utungo ulitungwa katika mazingira gani. Pakruok inahitaji watu wanaojuana. Katika kituo cha reli cha London hakuna anayemjua Ogada, wala anayejua kijiji chake, wala mwenye jina la sifa la kulitaja. Mwimbaji aliyebaki bila hadhira ya kumjibu hubaki na mwito wake. Kwa hiyo ufupi wa matini nauona kama alama ya mahali wimbo ulipoimbiwa. Pengo la wajibuji linasikika ndani ya albamu, na ndilo linaloipa huzuni hata pale maneno yenyewe yasipokuwa ya huzuni.

Nyimbo kumi za albamu hii hazilingani kwa uzito. Baadhi zinashikiliwa na ala tu, na mtu akiziondoa hapotezi mengi. Katika "Dala", "Chiro", "Kothbiro" na wimbo uliobeba jina la albamu, neno na uzi vinatembea pamoja, na kwa hayo peke yake kazi hii inastahili kuitwa ushairi.

4. Maana: maneno manne ya Kijaluo

Maudhui ya "Kothbiro" yaweza kusimuliwa kwa sentensi moja. Watoto wanaitwa wasikie kwamba mvua inakuja, na wanaambiwa walete ng'ombe nyumbani. Hakuna zaidi. Lakini usahili huu unadanganya, na udanganyifu wake huonekana pale tu mtu anapojaribu kutafsiri. Nimejaribu kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na matokeo hayafanani.

Tuanze na jina. Koth ni mvua. Biro ni kuja, na katika Kijaluo kitenzi hicho hicho hutumika kama kitenzi kisaidizi kuonyesha wakati ujao. Kwa hiyo jina la wimbo lina mvua iliyo njiani na pia lina wakati ulio njiani. Kiswahili kinaweza kuukaribia uwili huu, kwa sababu nasi tunasema siku zijazo, na wakati ujao, tukikitumia kitenzi cha kuja. Ningetafsiri "Mvua Yaja", kwa umbo fupi la kishairi ambalo halisemi wazi kama mvua imekwisha kufika mlimani au bado ni wingu tu.

La pili ni amri yenyewe. Kijaluo hutofautisha amri kwa mtu mmoja na amri kwa watu wengi. Ukimwambia mmoja alete utasema kel, na kwa wengi utasema keluru. Kiingereza hakina tofauti hiyo katika kitenzi, hivyo anayesikiliza tafsiri ya Kiingereza hajui kama anaitwa mtoto mmoja au kizazi kizima. Kiswahili kinayo: lete, leteni. Kiambishi kidogo cha -ni kinarudisha kile Kiingereza kilichokipoteza, nacho si kitu kidogo. Wimbo unaoita watu wengi ni wimbo wa jamii, hata kama mwimbaji yuko peke yake.

La tatu ni gumu zaidi, nalo ni dala. Kamusi zitasema "nyumbani". Lakini Kijaluo kina ot na kina dala. Ot ni nyumba, jengo la kulala. Dala ni boma lenye mwanzilishi wake, lenye lango, lenye nyumba za wake na za wana wa kiume kwa mpangilio unaojulikana, na lenye makaburi. Mtu aweza kuwa na nyumba kumi asiwe na dala hata moja. Neno letu "nyumbani" limetokana na nyumba, kwa hiyo linavuta maana upande wa ot, upande ambao wimbo hauendi.

Msomaji asidhani kwamba huku ni kupasua nywele. Tofauti hii iliwahi kusimama mahakamani. Wakili Silvano Melea Otieno alipofariki Nairobi mnamo Desemba 1986, mjane wake, Wambui, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kwa miezi mitano Wakenya walifuata kesi hiyo magazetini. Katikati ya hoja za ukoo lilikuwepo jambo hili hasa, kwamba Mjaluo aweza kujenga nyumba nzuri kiasi gani Nairobi, isiwe dala. Mahakama ya Rufani iliamua kwa upande wa ukoo, na Otieno akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Ogada aliondoka nchini mwaka ule ule wa 1986. Sisemi kwamba alitunga kwa sababu ya kesi. Nasema kwamba Mjaluo yeyote wa rika lake aliyetamka neno dala katika wimbo, miaka michache baada ya hapo, alitamka neno ambalo taifa zima lilikuwa limelisikia likibishaniwa.

Na la nne ni kuoyo, mchanga. Jina la albamu maana yake ni "ni mchanga tu". Mchanga ni kitu kisicho na thamani, na mchanga ndio ardhi. Yote mawili yamo, na neno mana, "tu", limewekwa kati yake bila kuchagua. Mwenye dala huusimamisha mlango wake juu ya mchanga huo, na msafiri huubeba katika viatu vyake. Kwa Kiswahili methali kama hizi tunazielewa mara moja, na sioni sababu ya kuzisubiri zitoke Ulaya.

5. Ziara na filamu: wimbo uliorudi bila maneno

Baada ya albamu kutoka, Ogada alizunguka katika matamasha ya WOMAD nchi mbalimbali. Ziara za namna hiyo zina utaratibu wake. Wanamuziki wa mataifa mengi hukusanywa katika uwanja mmoja kwa siku chache, kila mmoja hupewa saa yake, na hadhira hupita kutoka jukwaa hadi jukwaa. Msikilizaji hupata ladha ya vingi, na mara chache hupata maana ya kimoja. Kwa mpiga nyatiti, ambaye sanaa yake ilikuwa kumjibu mtu anayemfahamu kwa jina, ni vigumu kuwaza hadhira iliyo mbali zaidi na ile ya asili.

Lakini tukumbuke alichokikataa. Kiingereza alikijua vizuri tangu utotoni. Angeweza kukitumia, na soko lingemshukuru. Alibaki na Kijaluo mbele ya watu wasiokijua, na akawaacha waisikie sauti yake kama uzi wa tisa wa nyatiti. Msimamo huu ulimgharimu kueleweka, lakini uliyahifadhi maneno mpaka wapatikane wenye kuyasikia.

Kisha ikaja filamu. Mwaka 2005 ilitolewa The Constant Gardener, iliyoongozwa na Fernando Meirelles kutokana na riwaya ya John le Carré ya mwaka 2001. Sehemu za filamu hiyo zilipigwa Kibera kwenyewe, na nyingine Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Muziki wake ulitungwa na Alberto Iglesias, na ndani yake "Kothbiro" ikatumiwa. Rachel Weisz akapata tuzo ya Oscar, na wimbo ukafika kwa mamilioni ambao wasingewahi kuhudhuria tamasha la WOMAD.

Filamu hiyo ina sifa zake, na baada yake ulianzishwa mfuko wa kuwasaidia wakazi wa mahali ilipopigwa. Lakini kwa mhakiki wa lugha, lililotokea ni la ajabu. Wimbo wa Kijaluo umewekwa juu ya picha za mtaa ambamo wasemaji wa Kijaluo ni wengi, kwa ajili ya watazamaji wasiokijua Kijaluo. Sauti imetumiwa kuashiria msiba wa Afrika kwa jumla. Maneno yanasema watoto walete ng'ombe. Ni kama mtu angeweka utenzi wa mawaidha juu ya picha za harusi ya Mombasa kwa sababu tu mahadhi yake yanapendeza.

Kibera yenyewe imewahi kutendewa vivyo hivyo kwa tarakimu. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba ina watu milioni moja au zaidi, na sensa ya mwaka 2009 ikahesabu 170,070. Jina lake limetoka katika Kinubi, Kibra, yaani msitu, kwa kuwa waliopewa ardhi hiyo mwanzoni mwa karne ya ishirini walikuwa askari Wanubi wa jeshi la kikoloni. Hapo pana Kinubi, Kijaluo, Kiluhya, Kikamba, Kiswahili na Sheng katika kipande kimoja cha ardhi. Anayepaona kama picha ya umaskini tu atayakosa yote hayo.

6. Masikio mawili

Mimi naishi Kawangware. Jirani yangu ni fundi seremala, kijana wa Kiluhya, na karakana yake iko hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Siku moja nilimchezea "Kothbiro" bila kumwambia lolote. Alisikiliza huku akipiga randa, kisha akasema, "Huu ni wa matanga, mwalimu. Ule wa sinema ya Kibera." Nilipomweleza maneno, alicheka. "Ng'ombe tu?" akauliza.

Jibu lake halikuwa la kipumbavu. Kwa upande wa ala alikuwa amesikia sawasawa, kwa maana nyatiti ni ya matanga pia, na yeye mwenyewe amekulia katika sauti ya litungu. Kilichompotosha ni sinema, iliyomfundisha wimbo kabla hajapewa maneno. Kijana huyu anaishi kilomita chache tu kutoka Kibera, ana majirani Wajaluo, na bado alichojua juu ya wimbo wa Kijaluo alikuwa amefundishwa na Waingereza. Sikuwa na la kumcheka, maana mimi na shahada yangu tulikuwa hapo hapo.

Baadaye mwanafunzi wangu wa zamani alinipeleka Gatwekera, Kibera, kwa mama mmoja mzee atokaye Siaya, anayeuza omena. Nilimwomba anisahihishe tafsiri. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho, akaomba urudiwe, kisha nikamsomea Kiswahili changu. Nilipofika kwenye neno "nyumbani" alinikatiza.

"Hapana, mwalimu. Ukisema nyumbani, watu watafikiri ni hapa. Hapa si dala. Hapa ni ot. Ngoja mwenye nyumba aje mwisho wa mwezi, utaona kama ni dala."

Nikamuuliza, "Na mvua, mama?"

"Mvua ikija hapa hatuiti ng'ombe. Tunainua godoro."

Nimesoma maandishi kadhaa juu ya Ogada, na sijakutana na uhakiki unaozidi huu. Kwa sentensi chache mama huyu alionyesha kwamba wimbo unafanya kazi Kibera kwa sababu vitu unavyovitaja havipo Kibera. Katika wimbo mvua ni tangazo la kurudi, na ng'ombe wana mahali pa kuletwa. Kwenye mabati ya Gatwekera mvua ni maji ya mfereji yanayoingia mlangoni, na wapangaji wengi wa Nairobi hawajasahau mafuriko ya mwaka 2024. Wito ule ule unaosikika kama faraja kwa mwenye dala, kwa mpangaji unakuwa hesabu ya alichokiacha. Na hiyo ndiyo hali aliyokuwa nayo mtunzi mwenyewe katika kituo cha reli cha London. Kutoka London hadi Kibera ni mbali, lakini mwenye ot bila dala hulisikia neno hilo kwa namna moja, awe kule au huku. Filamu ilipata bahati bila kujua. Iliuweka wimbo mahali panapostahili kwa sababu isiyostahili.

Tafsiri yangu ya dala ilibaki na tatizo. "Boma" linaeleweka nchini Kenya, lakini linanuka wingi wa mifugo na, kwa wengine, ofisi ya serikali. "Mji", kwa maana yake ya kale ya makazi ya ukoo, lingefaa, ila msikilizaji wa Nairobi atawaza majumba ya ghorofa. "Kwetu" lina joto, lakini halina lango wala kaburi. Niliporudi Kawangware nilimweleza fundi yale ya Gatwekera. Hakusita hata kidogo. "Anamaanisha ushago," alisema.

Nimelifikiria sana neno hilo la Sheng. Kwa ukali wa sarufi si tafsiri nzuri. Ushago ni mashambani yaangaliwapo kutoka mjini, na mtoto anayechunga ng'ombe katika wimbo hayuko mjini. Angeitwa alete ng'ombe ushago, asingejua aelekee wapi. Lakini kwa aliyetunga akiwa London, na kwa anayesikiliza akiwa Gatwekera, ushago ni sahihi kuliko maneno yetu yote ya kamusi, kwa sababu limebeba ndani yake umbali. Wananairobi wa makabila yote walilihitaji neno la kutofautisha wanakolala na wanakozikwa, na kwa kuwa Kiswahili sanifu hakikuwapa, walijitafutia.

7. Hitimisho

Tarehe 24 Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, kwamba fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo yetu, na fasihi simulizi ikiwa nguzo yake. Dai hilo lilishinda kwa sehemu. Lakini tangu hapo daraja kati ya lugha zetu limeendelea kujengwa kupitia Kiingereza. Miaha ya Grace Ogot, iliyotolewa kwa Kijaluo mwaka 1983, ilivushwa kwenda Kiingereza na Okoth Okombo mwaka 1989, na ni kazi ya kushukuriwa. Hata hivyo msomaji wa Kawangware asiyejua Kijaluo huikuta kule, katika Kiingereza, na sio katika lugha anayoongea na jirani yake.

Jambo hili lina uzito kuliko ladha ya muziki. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 damu ilimwagika Kibera, na Oktoba 2017 nyumba na maduka yalichomwa Kawangware. Katika siku kama hizo lugha ya jirani hugeuka kuwa kitambulisho cha kumwogopea. Siamini kwamba tafsiri ya wimbo huzuia panga. Naamini tu kwamba mtu anayejua jirani yake anaimba nini ana sababu moja zaidi ya kumwona kuwa mtu, na kwamba sisi tunalipwa mishahara ili ajue.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo linalowezekana. Kila idara ya Kiswahili nchini ina wanafunzi wanaosema Kijaluo, Kiluhya, Kikamba, Kigiriama na lugha nyinginezo. Wapewe, kama zoezi la mtihani, wimbo mmoja wa kwao wautafsiri moja kwa moja kwa Kiswahili, bila kupita Kiingereza, na waeleze kila neno lililowashinda na sababu yake. Yaliyowashinda yatakuwa na thamani kuliko yaliyowawezekana. Mimi nimeanza na "Kothbiro". Mvua Yaja; leteni ng'ombe. Nilipofika kwenye dala nimeliacha neno lilivyo, kama mama wa Gatwekera alivyonishauri, na pembeni nimeandika kwa penseli neno la fundi.